Shoti ya 91

Ugomvi ulianzia kwenye kuhesabu. Mmoja alisema 131. Wa pili akasema 148. Wa tatu, kijana wa Gungu ambaye hakubali kushindwa hata kwenye bao, akaapa kuwa ni 155 na kwamba wenzake wana macho ya mapambo. Tulikuwa barazani kwangu, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2024, watoto tisa wa kidato cha pili na cha tatu wameizunguka laptopu yangu ambayo ukiibeba bila adabu inazima. Nilikuwa nimewapa kazi moja tu: hesabuni video hii ya bongo fleva ya dakika 3 na sekunde 12 ina shoti ngapi, yaani vipande vya picha kati ya mkato na mkato.

Wimbo wenyewe siutaji. Hatukuomba ruhusa kwa mwenye nao, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba kazi yetu haitapandishwa mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutungwa kwa ajili ya wadurufu wa kanda peke yao. Itoshe kusema kuna dada anaimba, kuna gari jeupe la bei mbaya, kuna wacheza shoo sita, na kuna jua linazama. Bajaji zote za hapa mjini ziliupiga mpaka ukachuja.

Nirudi nyuma kidogo. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa hapa Kigoma, na kwa kuwa siku ya kugawana majukumu nilichelewa kikao, nikapewa klabu ya sanaa. Kwa miaka sita klabu hiyo ilikuwa na igizo moja. Majina yanabadilika, igizo ni lilelile: baba mlevi, mama analia, binti anaacha shule, mgeni rasmi anapiga makofi. Mwaka huo walikuja watatu wakasimama mlangoni mwa ofisi, wakanipa shikamoo ya pamoja, kisha mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tumechoka kulewa."

Walitaka kutengeneza video ya muziki. Wimbo walikuwa nao, wametunga wenyewe, na haukuwa mbaya. Nikakataa. Nikawaambia tutachukua video ya mtu mwingine iliyokwisha kamilika, tuirudie shoti kwa shoti, mwanzo hadi mwisho, kwa vitu vya hapa kwetu. Walinuna. Mmoja akanikumbusha kuwa ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Methali ni nzuri lakini naona huwa tunaitumia kuwatisha watu wasijifunze. Fundi cherehani wa pale sokoni hakuanza kwa kubuni mitindo. Alipewa shati la zamani, akaambiwa alifumue, aone lilivyoshonwa.

Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuwaambia. Ukitengeneza video yako mwenyewe ikaharibika, unasema ndivyo ulivyotaka iwe. Picha imetikisika? Mtindo. Mdomo haulingani na sauti? Mtindo. Ya kuiga haikupi pa kujificha, kwa sababu ile ya asili ipo pale pale, ukiiweka kando ya ya kwako inakusuta.

Kwa hiyo tukahesabu. Ilibidi tupunguze mwendo wa video hadi robo ndipo ugomvi ukaisha, na kumbe sababu ya hesabu kutofautiana haikuwa macho. Hawakuwa wamekubaliana kukatwa kwa picha ni nini. Yule wa 131 hakuhesabu pale dada anapobadilika gauni huku amesimama mahali palepale. Kwake ilikuwa picha moja. Yule wa 155 alihesabu hata mwanga ulipowaka na kuzima. Jibu lilikuwa 148, na aliyelipata ni binti mmoja mkimya wa kidato cha tatu, anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alikuwa amechora vijiti kwenye daftari, vitanovitano, kama watu wa mnadani.

Shoti 148 ndani ya sekunde 192. Gawanyeni, nikawaambia. Sekunde 1.3 kwa kila moja. Kikapita kimya. Walikuwa wameitazama video ile mara zisizo na idadi, na wote waliamini wamemtazama yule dada akiimba. Hakuna aliyewahi kumtazama akiimba hata kwa sekunde tano mfululizo.

Baada ya hapo tukaandika orodha. Shoti ya 1: mkono kwenye usukani. Ya 2: gari kwa mbele. Ya 3: macho. Kazi hii ilituchukua Jumamosi mbili nzima na ndiyo iliyokuwa na faida kuliko zote, ingawa wakati ule waliniona natesa watu. Maana ukiandika orodha unaanza kuona yaliyofichwa. Waligundua shoti moja imetumika mara nne, mara ya tatu ikiwa imegeuzwa kushoto iwe kulia. Waligundua wacheza shoo sita hawaonekani sita kwa pamoja isipokuwa kwenye kiitikio cha mwisho. Kwingine kote ni watatuwatatu. Halafu siku ya pili, kama saa tisa alasiri, kijana mmoja akapiga kelele kama aliyeumwa na siafu: "Mwalimu! Gari haliendi!"

Tukarudisha nyuma. Kweli. Kuna gurudumu linazunguka, limepigwa kwa karibu. Kuna nywele za dada zinapeperuka. Kuna miti inapita kwenye kioo. Lakini kila gari linapoonekana zima, kivuli chake kimelala palepale, kwenye ufa uleule wa lami. Gari lile la bei mbaya halikusogea hata mita moja. Sijui kama nimewahi kuona watoto wakifurahi vile kwa kudanganywa. Na furaha yenyewe ilikuwa na hesabu ndani yake: kama gari halikutembea, basi hata sisi tusio na gari tunaweza.

Bajaji tuliipata kwa jirani. Ya bluu, imeandikwa dua nyuma. Tuliiazima Jumapili asubuhi kabla mwenyewe hajaenda kazini, ikiwa imezimwa.

Kuhusu mapigo nitapita haraka, ingawa wenyewe waliyapenda. Walipiga makofi kufuata ngoma ya wimbo, wakapata makofi 50 ndani ya nusu dakika, yaani 100 kwa dakika, yaani pigo moja kila baada ya sekunde 0.6. Simu tulizotumia zinachukua picha 30, ndizo fremu, kwa sekunde. Kwa hiyo pigo moja ni fremu 18. Kumi na nane ikawa salamu yao. Wakikutana kwenye korido mmoja anasema "kumi na nane", mwingine anajibu "thelathini na sita". Mwalimu wa nidhamu aliniuliza kama ni genge.

Simu, kwa njia, zilikuwa mbili, yangu na ya mwalimu wa fizikia, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuitwa kuhojiwa. Ndiyo maana kila kitu kilifanyika barazani kwangu au ufukweni.

Kabla ya ufukweni ilibidi nikaonane na bibi. Yule binti wa vijiti ndiye tuliyemchagua awe mwimbaji, na anaishi Ujiji kwa bibi yake mzaa mama. Bibi alituma neno kuwa Mwalimu aje mwenyewe. Nikaenda. Nikakalishwa kwenye mkeka chini ya mwembe, nikapewa maji, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha.

"Mwanangu," akasema, "nasikia mjukuu wangu anafundishwa kukata viuno."

"Hapana, bibi. Anafundishwa kuhesabu."

Akanitazama kwa muda. Nikamweleza habari ya 148, ya gari lisilokwenda, ya fremu 18. Akamwita binti, akamwambia aseme yeye. Binti akaeleza vizuri kuliko mimi. Bibi akauliza swali moja tu: gauni gani? La kwenye video lilikuwa, tuseme, la joto kali. Akaingia ndani akatoka na kitenge cha doti nzima, cha kijani na dhahabu, vile vinavyoingia hapa kutoka Kongo, kimekunjwa na karafuu ndani. "Hiki kirudi," akasema. Viuno tulivibadilisha kuwa mwendo wa wavuvi wanaovuta nyavu: mabega yanaenda mbele, miguu inakanyaga kwa pamoja. Ulikaa kwenye mapigo vizuri kuliko ule wa asili. Hilo nasema kwa upendeleo.

Sasa ufukwe. Mwaka huo Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa. Uvuvi ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mara ya kwanza kwa upande wetu wa Tanzania. Anayeujua ufukwe wetu wa Kibirizi anajua maana yake. Pale ambapo kwa kawaida unasikia injini, kelele za bei, na harufu ya dagaa waliotandazwa, palikuwa pametulia kama Ijumaa mchana. Mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, imepangwa. Wanaume wamekaa kwenye vivuli, wanashona nyavu zilizokwisha shonwa. Hawakuwa na furaha, na sitajifanya kuwa tuliwaletea furaha, lakini muda walikuwa nao. Nilipoomba watu wa kusimama nyuma ya mwimbaji walijitokeza kumi na wanne. Mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia ya baraghashia, akawa msaidizi wetu wa jua: anatazama milima ya Kongo ng'ambo na kusema, "Mna dakika ishirini." Hakuwahi kukosea kwa zaidi ya dakika mbili.

Siku ya kwanza tulipiga shoti 40 tukarudi tunaimba njiani. Jumatatu jioni tukaziweka kwenye laptopu, tukalaza wimbo halisi juu yake. Za karibu zilikuwa safi. Za mbali, mdomo wa binti ulichelewa. Kidogo, ila ukishaona huwezi kuacha kuona. Nikasema simu ina tatizo. Kijana wa Gungu akasema binti ana tatizo. Binti hakusema kitu. Alichukua daftari, akaandika umbali wa kila shoti kwa hatua, kisha fremu ngapi mdomo umechelewa. Hatua 10, hakuna kitu. Hatua 45, fremu tatu.

Mwalimu wa fizikia alikuwa amekuja kudai simu yake. Akachungulia daftari, akacheka peke yake. "Nyie mmesoma mwangwi lini?" Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Hatua 45 za binti yule ni mita 34 hivi. Spika tulikuwa tumeiweka miguuni pa mpiga picha, kwa hiyo wimbo ulikuwa unamfikia mwimbaji baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, naye anaufuata ule aliousikia, kwa uaminifu kabisa. Sehemu ya kumi ya sekunde kwa simu ya picha 30 ni fremu tatu. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuona somo la kidato likitua mezani namna ile, kama ndege. Dawa yake ni rahisi: kwenye kuunga, ile picha unaiwahisha kwa fremu tatu. Lakini walikataa kusogeza mpaka wamerudi ufukweni kupima tena hatua 45 na 90, wahakikishe kuwa 90 ni sita. Ni sita.

Kuna shoti tano ambazo dada wa kwenye video anatembea polepole kama yuko ndani ya maji, kitambaa kinaelea, lakini mdomo unalingana na wimbo. Hizo zilitusumbua wiki. Mwishowe alizitegua mdogo kuliko wote, wa kidato cha pili, kwa kujiuliza kinyume: kama picha imepunguzwa mwendo na mdomo bado uko sawa, basi aliimba haraka. Tukaharakisha wimbo mara mbili, tukaweka simu kwenye picha 60 kwa sekunde, binti akaimba huku wimbo unalia kama kuku, wavuvi wanajishika mbavu. Tukaurudisha mwendo nusu. Kitenge cha bibi kikaelea. Mtu aliyekaa karibu yangu akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona watu wawili wakibadilika, na kusema kweli ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii.

Wa kwanza ni binti. Jukwaani ni mzuri mno. Kwaya ikisimama, jicho linamwendea yeye. Mbele ya simu alikuwa hivyohivyo, mikono inapaa, kichwa kinarudi nyuma, hisia mpaka kwenye vidole. Sote tulimpigia makofi. Nilikuwa na mpango wangu wa kiualimu: kwanza nawafundisha waigizaji kuigiza, halafu nawafundisha wahariri kuhariri, kila mtu na lake. Ila mhariri wetu mkuu, yule wa Gungu, aliugua malaria, na kazi haikuweza kusubiri, kwa hiyo nikamwambia binti akae yeye kwenye laptopu aunge ubeti wa pili. Yaani ajiunge mwenyewe.

Alikaa saa mbili bila kunyanyuka. Nilipomletea chai nikakuta ameunga shoti tatu tu.

"Mwalimu, hazishikani."

Alikuwa na shoti nane za mstari uleule, ya karibu, ya mbali, ya ubavuni, zote nzuri. Katika ya kwanza neno la mwisho anainua mkono wa kulia. Katika ya pili, wa kushoto. Katika ya tatu, yote miwili, na mapema. Kila mara alikuwa ameimba kwa moyo, na moyo haukumbuki mkono. Ukikata kutoka ya karibu kwenda ya mbali, mkono unaruka kama wa mchawi. Halafu akanionyesha jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona kabisa: kabla ya kuanza kila mstari alikuwa anafumba macho. Kwenye kwaya ni unyenyekevu. Kwenye picha ya karibu inayokaa sekunde 1.3, kama nusu yake macho yamefumba, huna shoti.

"Kumbe nilikuwa naimba kwa ajili yangu," akasema. Nikafikiri anajilaumu, lakini hapana, alikuwa anaeleza tu, kama mtu aliyekuta funguo kwenye mfuko mwingine.

Jumamosi iliyofuata alikuja ufukweni na daftari. Kila neno lilikuwa na mkono wake. Alitaka tupige upya ubeti mzima. Na safari hii ukimtazama kwa macho ya kawaida, pale kwenye mchanga, ungesema amepoa. Mpiga picha wetu alinong'ona kuwa leo hana mzuka. Tulipoiweka kwenye laptopu, alikuwa anawaka. Mimi ndiye nimesoma ualimu na nilikuwa nimeipanga kazi kichwa chini miguu juu. Kiti cha mhariri kilimfundisha kuigiza kuliko mazoezi yote ya kupumua niliyompa.

Nikaamua basi kila mtu akae pande zote mbili. Hapo ndipo akaja wa pili, yule wa Gungu, alipopona. Alikuwa na ulimi mkali kwa waigizaji. Kila shoti mbovu alikuwa na jina lake. Nikamsimamisha mbele ya simu, mstari mmoja tu wa kurap, maneno manane. Alirudia mara ishirini na tatu. Maneno anayajua, ila mikono ilimgeuka kuwa vitu vya kuazima, hajui aiweke wapi. Mara ya kumi na tano akaacha kutania. Mara ya ishirini na tatu tukaichukua kwa huruma.

Kumfuta machozi nikawaonyesha jambo la zamani. Miaka kama mia moja iliyopita Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua uso uleule wa mwigizaji akauunga na picha tofauti, bakuli la supu, jeneza, na watazamaji wakaona njaa, wakaona msiba, ilhali uso haukubadilika. Tukafanya ya kwetu. Uso wa kijana wa Gungu akitazama ziwa, halafu sufuria ya samaki wa migebuka: darasa zima likasema ana njaa. Uso uleule, halafu mtumbwi mtupu: mmoja akauliza amefiwa na nani. Yeye mwenyewe akasema alikuwa anafuata mbu kwa macho. Tangu siku hiyo aliporudi kwenye kuunga alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anatafuta kwenye shoti ya mwenzake ile robo sekunde iliyo nzuri, badala ya kutafuta iliyo mbaya. Na huwa ipo. Kwenye ule mstari wake wa rap aliipata ya sekunde moja, mara ya kumi na tisa, wakati ambao alidhani tumeshazima simu.

Hapa kwetu kila mtoto anaweza kukutajia kuwa Diamond Platnumz na Ali Kiba asili yao ni Kigoma, na karibu wote wanataka kuwa wao. Sijawahi kukutana na mtoto anayeniambia anataka kuwa yule aliyekata picha. Sasa ninao wawili, labda watatu.

Nikiri pia kuwa kuna mmoja alichukua sekunde thelathini akazipandisha YouTube kwa simu ya kaka yake, na haukupita muda ukaja ujumbe kuwa sauti ina mwenyewe. Alizifuta, akaja kuungama, nikamwonyesha kuwa mashine imetambua wimbo hata chini ya makelele ya mawimbi. Akaona ni ajabu kuliko adhabu.

Ikabaki shoti ya 91. Kwenye video ya asili kamera inapaa juu, taratibu, na chini yake kuna magari yamepangwa mstari mrefu. Sisi tulikuwa na mitumbwi, mirefu, imepangwa vizuri kuliko magari. Hatukuwa na kamera ya kupaa. Tukafunga simu yangu kwenye ncha ya upondo wa mita tano hivi kwa mpira wa baiskeli, watu watatu wakausimamisha. Uliinuka vizuri. Ukafika juu. Halafu upepo wa saa kumi ukaja, kama unavyokuja kila siku, na sisi tunaokaa hapa tukajifanya hatukuujua. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 kwenda chini, na simu yangu ilianguka palipo na maji ya magotini. Nikashukuru, nikaizika kwenye mchele siku nne. Iliamka, ila kamera yake ikabaki na ukungu wiki kadhaa, na mwalimu wa fizikia alipoona hivyo simu yake ikaanza kuwa na shughuli nyingi kila Jumamosi.

Agosti 15 ikapita, ziwa likafunguliwa. Tuliporudi Kibirizi na simu iliyopona, ufukwe ulikuwa na watu, dagaa, kelele, na mitumbwi mitatu mibovu.

Tuliionyesha Jumamosi ya tarehe 31 Agosti, uani kwangu, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Mwezi ulikuwa umekwisha, giza tupu, kwa hiyo wanaume wengi walikuwa majini na taa zao. Ukigeuka nyuma unaona ziwani kama kuna mji. Walikuja wake zao, watoto, mzee wa baraghashia, na bibi kutoka Ujiji kwa bajaji ileile ya bluu, ambayo safari hii ilikuwa inatembea. Video ilikwenda vizuri hadi dakika ya pili. Pale pa shoti ya 91 tulikuwa tumeweka picha ya ubao mweusi, kwa chaki: 91 HAIPO. Mapigo mawili, fremu 36. Watu walicheka kuliko sehemu nyingine yoyote, wakataka irudiwe.

Wengine wakaenda kwenye chai na maandazi. Bibi alikuwa anakagua pindo la kitenge chake kwa vidole, gizani. Binti akaja akasimama kando yangu, anatazama zile taa za mbali.

"Mwalimu, kwenye mbalamwezi si huwa hawaendi?"

"Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa. Wengi wanapumzika."

"Na mitumbwi wanaipanga?"

"Wanaivuta juu, ndiyo."

Akatoa daftari, akalisogeza kwenye mwanga wa projekta, akaanza kuhesabu siku kwa vijiti, vitanovitano. Alifika kumi na nane.

"Itakuwa Jumatano," akasema. "Tutaomba ruhusa ya kutoka mapema. Ila upondo tufunge na kamba, siyo mpira."